Wapenda majengo njooni: bucha za Uingereza enzi za Malkia Victoria zilijengwa kwa akili sana

Mtazama_Kuta
Wakuu heshima kwenu. Picha zimegoma kupanda kwa hiyo leo mtavumilia maneno matupu, nitajitahidi mpaka muone.

Nataka tuongelee bucha. Sio nyama, bucha lenyewe kama jengo. Na hasa zile bucha za Uingereza zilizojengwa wakati wa Malkia Victoria, yaani 1837 mpaka 1901, ambazo nyingine bado zimesimama mpaka leo hata kama ndani siku hizi wanauza kahawa au mabegi ya bei mbaya. Watu wakifika pale wanapiga selfi na vigae, wanasema wazungu wa zamani walipenda urembo, wanasepa. Mimi nabisha na nitabisha uzi mzima. Karibu kila unachokiona kwenye lile duka kuanzia sakafuni mpaka juu ya dirisha kimewekwa kupambana na maadui watatu: joto, nzi, na mteja asiyekuamini. Hawa jamaa hawakuwa na friji, nyama ambayo haijauzwa Jumamosi usiku ilikuwa inaelekea kuwa hasara, ndio maana Jumamosi mabucha yalikuwa yanawaka taa za gesi mpaka usiku mwingi na bei inashuka kila saa, masikini wanasubiri mwisho mwisho wapate kipande cha Jumapili.

Tuanze mbele. Bucha la kawaida la mtaani lilikuwa fremu ya chini kwenye nyumba ya ghorofa mbili tatu, mwenye duka na familia wanalala juu, vijana wa kazi nao wanabanana huko huko. Mlango uko pembeni, halafu dirisha moja kubwa limechukua nafasi yote iliyobaki. Hilo dirisha ndio roho ya duka. Halifunguki kwa bawaba kama haya ya kwetu, linapanda juu. Ndani ya fremu ya mbao kulia na kushoto kuna uwazi umefichwa, humo zimening'inia kamba na vizito vya chuma, uzito wa vile vyuma umepigiwa hesabu ulingane na uzito wa kioo, kwa hiyo dogo wa miaka kumi na nne anasukuma kwa mkono mmoja kioo chote kinapanda kinapotelea nyuma ya kibao chenye jina la duka. Asubuhi kinapanda, duka zima linakuwa wazi barabarani, jioni kinashuka.

Chini ya dirisha hakuna mbao, kuna bamba la marumaru nene limelazwa na kuinamishwa kidogo ili maji na damu visikae. Jiwe lenyewe linakaa la baridi hata mchana wa Julai, nyama inalala juu yake. Halafu juu ya dirisha kabisa, chini ya kibao, unakuta ukanda wa nondo zimepindwa pindwa kwa nakshi, maua maua hivi. Kila mtu anajua ni pambo. Weka mkono uone, hakuna kioo nyuma yake! Ni tundu la hewa. Usiku shata zimeshuka, duka limefungwa, lakini joto linatokea pale juu na upepo unaingia, mwizi hapiti, paka hapiti.

Narudi, naweka chai.

Shoka_Butu
Nimepiga kambi hapa. Ila mkuu una uhakika na hapo kwenye nzi? Dirisha wazi barabarani, miaka ya farasi, mavi ya farasi kila kona, hapo si ndio umewatumia kadi ya mwaliko kabisa

Mama_Supu
😂😂 kadi ya mwaliko

Mtazama_Kuta
@Shoka_Butu swali zuri na nikuambie kweli, kwenye nzi walijitahidi ila walipigwa. Silaha zao zilikuwa kivuli na upepo. Nzi anapenda jua na hewa iliyotulia, kwa hiyo kama alikuwa na uwezo wa kuchagua mwenye bucha alichukua fremu inayotazama kaskazini, kule kwao jua linapita kusini ya anga kwa hiyo ukuta wa kaskazini haupigwi na jua kali. Aliyekosa kaskazini aliweka turubai la mistari kwenye mkono wa chuma, linashushwa mpaka karibu na vichwa vya wapita njia. Ndani mlango wa nyuma unaachwa wazi ukitazamana na dirisha, hewa inapita moja kwa moja katikati ya nyama.

Ila vumbi la barabara liliingia, na nzi wa Agosti waliingia vile vile. Mwaka 1924 serikali yao ikaleta kanuni za nyama zinazomtaka muuzaji aikinge na vumbi, nzi na mikono ya watu, na hapo taratibu madirisha ya kupanda yakaanza kufungwa yabaki vioo vya kudumu. Ukipita leo ukaona bucha la zamani lina kioo kimoja kikubwa kisichofunguka, angalia pembeni ya fremu, mara nyingi ule mfereji wa kamba bado upo umezibwa na rangi.

Fundi_Vigae
Mkuu hapa umenigusa kazini. Natandika vigae huu mwaka wa sijui wa ngapi, niruhusu nichangie upande wa ukuta maana huo ndio naujua.

Vile vigae vyeupe na kijani unavyoviona kwenye mabucha ya wenzetu havikuwepo hivi hivi toka zamani. Kigae cha zamani kilitengenezwa kwa udongo mbichi, ukikausha kinapinda, kila kimoja na umbo lake, kutandika ukuta mzima ukanyooka ni kazi ya wendawazimu. Mwaka 1840 jamaa anaitwa Richard Prosser akapata hakimiliki ya kukandamiza unga wa udongo mkavu kwa mashine, na Herbert Minton, mwenye kiwanda cha vyombo vya udongo kule mji wa Stoke, akaona mbali akanunua sehemu ya hiyo hakimiliki. Unga mkavu haupindi sana ukichomwa, kwa hiyo vigae vinatoka sawa sawa elfu kwa elfu. Hapo ndio ukuta wa vigae ukawa kitu cha mwenye duka wa mtaani na sio cha kanisa na ikulu peke yake. Baadae viwanda vikajaa, Maw na Craven Dunnill wote walikuwa kijiji kimoja kinaitwa Jackfield pembeni ya mto Severn, Maw alipohamia pale 1883 kiwanda chake ndio kilisemwa kuwa kikubwa kuliko vyote duniani kwa vigae. Cha Craven Dunnill sasa hivi ni makumbusho, mtu akienda anishikie nafasi.

Sasa kitu cha ufundi ambacho mtu wa kawaida hakioni. Angalia ukuta unapokutana na sakafu. Bucha zetu nyingi pale kuna kona kali ya digrii tisini, na kwenye hiyo kona ndio mafuta na damu vinajificha hata ufagie vipi. Wale jamaa waliweka kigae kimepinda kama bonde, ukuta unashuka halafu unageuka taratibu unakuwa sakafu, brashi inapita bila kukwama. Na kona za nje za nguzo wameweka kigae cha mviringo ili mzoga ukigonga ukipitishwa usimeguke. Hicho kigae kilichopinda kilikuwa kinaagizwa kwa katalogi na namba yake. Mimi leo nikimwambia mteja tuweke kona ya mviringo ananiambia fundi unataka kuniongezea bajeti.

Na viungo vyao vyembamba mno, kadi ya simu haiingii.

Mtazama_Kuta
@Fundi_Vigae nilikuwa nakusubiri wewe. Ongezea na rangi. Nyeupe sio bahati mbaya, duka la taa ya gesi linahitaji ukuta unaorudisha mwanga, na nyeupe haifichi uchafu. Huyo ndio yule adui wa tatu niliyemsema. Mteja wa mjini wa miaka ile alikuwa na hofu ya haki kabisa, magazeti yalijaa habari za nyama ya ng'ombe mgonjwa inauzwa usiku. Mwenye bucha akitandika vigae vyeupe mpaka dari anakuwa amemwambia mteja nichungulie utakavyo. Ukuta ndio tangazo.

Halafu wenye hela wakaongeza picha ndani ya vigae, kichwa cha fahali, kondoo kwenye majani, nguruwe kanenepa anatabasamu. Huyo nguruwe anayetabasamu mimi simwelewi mpaka leo, anatabasamia nini sasa.

Mama_Supu
Nguruwe kashakubali matokeo 😂

Jamani mimi nina swali la kike. Muuza nyama mikono ina damu, anapokeaje hela? Maana kwetu ndio kero yangu ya kila siku, mtu anashika maini anashika elfu kumi anashika tena maini

Mtazama_Kuta
Mama hapo ndio utawapenda. Kwenye bucha za maana kulikuwa na kibanda kidogo ndani ya duka, cha mbao nyekundu nzito imepigwa msasa inang'aa, kina vioo vya maua maua na kidirisha cha nusu duara. Humo anakaa keshia, mara nyingi mke wa mwenye duka au binti yake. Mkataji anapima anaita bei kwa sauti au anakupa kikaratasi, unaenda kidirishani unalipa. Mkono wa damu na mkono wa hela havikutani. Kibanda kiliinuliwa hatua moja juu ya sakafu, kwa hiyo aliyekaa humo anaona kaunta yote, mizani yote na mlango. Usafi sawa, ila na wizi wa vijana wa kazi ulipungua hapo hapo, mwenye duka alikuwa anajua alichokuwa anafanya.

Mama_Supu
Nataka kibanda hicho bucha la mtaani kwetu kesho asubuhi

Ukweli_Mchungu
Sasa haya ya wakoloni yanatusaidia nini wadau. Wao walikula nyama sisi tukajengewa nini? Tuongelee ya kwetu

Mzaliwa_wa_Darajani
Assalamu alaykum jamaa wote. Ndugu yangu @Ukweli_Mchungu ya kwetu imo humo humo, tulia kidogo. Sisi hapa Unguja soko letu la Darajani limejengwa 1904, wakati wa Sayyid Ali bin Hamud. Victoria keshakufa wakati huo lakini akili ya jengo ni ya masoko yao. Ukiingia upande wa nyama utaona paa liko juu sana, hewa inapita, nyama imetundikwa kwenye vyuma, watu wananadi. Joto lipo lakini hukai ukatota kama kwenye vile vibanda vya bati vya nje. Mie si mpenzi wa wakoloni hata kidogo lakini paa la juu ni paa la juu.

Ukweli_Mchungu
Sawa sheikh nimekusoma. Endeleeni

Mtazama_Kuta
Shukran @Mzaliwa_wa_Darajani. Na kwa kuwa umetaja masoko, twende kwa bwana mmoja anaitwa Horace Jones. Huyu alikuwa msanifu wa jiji la London, yaani ile sehemu ya zamani ya kati, toka 1864. Nyama ya London karibu yote ilipita kwenye kalamu yake.

Kabla yake soko la Smithfield lilikuwa la mifugo hai katikati ya mji. Vuta picha, kwa mwaka ng'ombe laki mbili na zaidi na kondoo milioni moja na nusu wanaswagwa kwa miguu kupita mitaani mpaka kiwanja kimoja kidogo, wanavunja vioo, wanaingia maduka ya watu, mavi na damu vinatiririka. Watu walilalamika miaka na miaka, mwisho 1855 mifugo hai ikahamishiwa Islington, upande wa kaskazini wa London, Smithfield ikabaki ya nyama iliyochinjwa tu. Jones akajenga soko jipya kati ya 1866 na 1868, likafunguliwa Novemba 1868.

Lile jengo linapendwa kwa minara yake ya pembeni na madragoni na rangi za vyuma ndani, sawa, lakini akili iko sehemu mbili ambazo mpiga picha hazimjii. Ya kwanza iko chini ya ardhi. Chini ya soko lote kuna stesheni ya mizigo ya reli, treni inaingia chini usiku na nyama kutoka mikoani, inapandishwa sokoni kwa lifti za nguvu ya maji. Ng'ombe sasa anachinjwa huko alikotoka, London anafika akiwa robo nne. Ya pili iko juu, kwenye paa. Amepanga vibamba vya vioo kwa mlalo vimepishana kama vipande vya luva, mwanga unaingia, hewa inatoka, lakini jua la moja kwa moja halishuki kwenye nyama. Ni ule ule ukanda wa nondo wa juu ya dirisha la bucha la mtaani, sema huyu kaukuza ukawa paa la soko.

Shoka_Butu
Hiyo ya treni chini ya nyama sikuijua kabisa. Bado ipo?

Mtazama_Kuta
Treni za nyama hazipo tena, nafasi ya chini ipo. Soko lenyewe bado linauza, biashara inaanza usiku wa manane asubuhi kukicha wanamaliza, ila mwishoni mwa 2024 wakubwa wa jiji waliamua kutolihamisha tena kama walivyokuwa wamepanga, wafanyabiashara wakapewa kuendelea pale mpaka angalau 2028. Majengo ya pembeni yanageuzwa kuwa Makumbusho ya London. Kwa hiyo mwenye nia ya kuona nyama ndani ya jengo la nyama aende mapema.

Jones huyo huyo alijenga na soko la Leadenhall, London hiyo hiyo, mwaka 1881, hilo halina nyama nyingi tena, ni baa na maduka ya suti, lakini inua macho juu ya kila duka. Utaona vyuma vimepangwa safu safu vina kulabu, tupu. Hapo ndio walikuwa wanatundika ndege, bata bukini, sungura na mizoga kutoka juu kabisa mpaka usawa wa kichwa. Watu wanakunywa bia chini ya zile kulabu hata hawajiulizi. Na pale zamani, kabla ya jengo la Jones, walikuwa na bata bukini wao dume anaitwa Old Tom, aliponea kisu akawa mkazi wa soko, analishwa na wenye baa, akafa 1835 ana miaka 38 na gazeti la Times likamwandikia tanzia. Mnyama pekee sokoni aliyekufa kwa uzee.

Mama_Supu
Old Tom ndio nguruwe anayetabasamu sasa nimeelewa

Wa_Kirinyaga_Leeds
Mazee hii thread ni moto. Mimi niko Leeds, hapa kuna Kirkgate Market, soko la zamani ile mbaya, Marks wa Marks and Spencer, ile kampuni kubwa ya maduka ya Uingereza, alianzia hapo na kibanda mwaka 1884. Ndani bado kuna laini nzima ya bucheri, wanaiita Butchers' Row, na bado wanapiga kelele ya bei vile watu wa Burma market Nairobi hupiga. Juu ni chuma na kioo. Sasa nikisoma hii ya hewa ndio naona kwa nini hapo ndani hakunuki nyama kama bucheri za estate.

Lakini kitu moja imenishinda, wapi walikuwa wanachinjia? Huwezi kuwa na hizo vigae zote safi na ng'ombe inachinjwa wapi?

Mtazama_Kuta
Karibu sana. Jibu ni nyuma ya ukuta huo huo bwana.

Bucha nyingi za mtaani zilikuwa na machinjio uani. Ukiwa unatazama duka kwa mbele utaona geti pana pembeni, au kichochoro chenye mawe, humo ndio mnyama alipitishwa ili asipite dukani. Uani kuna zizi la kumpumzisha usiku mmoja, kuna chumba kina pete ya chuma imefungwa sakafuni, kamba inapita kwenye pete inavutwa mpaka kichwa kinashuka. Juu kuna boriti na roda ya kunyanyulia mzoga. Sakafu imeinama kuelekea mfereji. Kwa hiyo jengo zima lilikuwa ni mstari, mnyama anaingia kwa nyuma akiwa hai, anatoka kwa mbele kwenye kikapu cha mama mmoja kama kilo mbili za mbavu. Kuta zikipangwa vizuri mama haoni hatua hata moja ya katikati.

Sheria zikaanza kuwabana, ya Afya ya Umma ya 1875 ikazipa mamlaka za miji nguvu ya kusajili na kukagua machinjio, na London ilikuwa na yake ya 1874. Lakini aliyeua machinjio ya uani hakuwa bwana afya peke yake, ilikuwa meli. Februari 1882 meli inaitwa Dunedin iliondoka New Zealand na mizoga karibu 5,000 ya kondoo iliyogandishwa kwa mashine, ikafika London mwezi wa tano baada ya siku 98 baharini na mzoga mmoja tu ndio ulikataliwa. Baada ya hapo nyama ya Australia, New Zealand na Argentina ikamwagika, bei ikashuka, na yakaja makampuni kama Eastmans na James Nelson yenye matawi mamia kila mji. Hao hawakuhitaji zizi wala roda. Walichohitaji ni fremu ya mbele tu, na vigae vinavyofanana kila tawi ili mteja wa Liverpool akifika Bristol alitambue duka toka ng'ambo ya barabara. Kabla ya hapo kila bucha lilikuwa na sura yake, hapa ndio tukaanza kupata sura moja kila mahali. Kwa macho yangu ubora wa vigae ulipanda na akili ya jengo ikashuka, kwa sababu sasa baridi ilikuwa inanunuliwa, sio inajengwa.

Fundi_Vigae
"Baridi inanunuliwa sio inajengwa" hiyo naiba

Shoka_Butu
Na kabla ya hiyo meli barafu hawakuwa nayo? Si kwao kuna theluji

Mtazama_Kuta
Walikuwa nayo ila theluji ya London haitoshi na ni chafu. Barafu ilikatwa kwenye maziwa ya Norway ikaletwa na meli. Mswisi mmoja, Carlo Gatti, alichimba visima vikubwa vya barafu pale King's Cross pembeni ya mfereji kuanzia 1857, mashua inaleta, inamwagwa shimoni, inakaa miezi, wanauziwa wauza nyama, samaki na aiskrimu. Jengo lipo, ni makumbusho ya mifereji, unachungulia shimo lenyewe. Bucha lenye uwezo lilikuwa na kabati la barafu au chumba kidogo chini ya duka. Wengine wote walitegemea jiwe, kivuli na upepo.

Binti_Mlandege
Mimi nilifika York na wenyeji wangu wakanipeleka mtaa unaitwa Shambles, nyumba za mbao za zamani zaidi ya hizo mnazosema. Nyumba za juu zimetokeza mbele mpaka karibu zigusane, ukisimama katikati anga ni kamstari. Mwenyeji akaniambia ulikuwa mtaa wa mabucha na nyumba zilisaidia kuziba jua lisifike kwenye nyama, na barabara katikati imeshuka, pembeni imeinuliwa, ili damu wakiosha ipite katikati. Mbele ya maduka bado kuna vibao vipana vya kupangia nyama na kulabu. Nikajisemea mbona hapa ni kama Mji Mkongwe bila harufu ya karafuu

Mtazama_Kuta
Umeona jambo la msingi sana. Mwaka 1872 bado kulikuwa na bucha 25 kwenye huo mtaa mmoja, leo hakuna hata moja. Kwa hiyo watu wa Victoria hawakuanza na sifuri, kivuli na mfereji walivirithi, wao wakaleta kioo cha bei nafuu, kwa sababu kodi ya vioo ilifutwa 1845 na ile ya madirisha 1851, chuma cha kumimina na kigae cha mashine. Ukichanganya vya zamani na hivyo vitatu unapata bucha ninayoisema.

Na tusisahau sakafu na gogo, nilitaka kupitiliza. Sakafu inamwagiwa vumbi la mbao kila asubuhi, linanyonya damu na mafuta, mtu hatelezi, jioni linafagiliwa lote. Gogo lilikuwa la vipande vya mti wa mkuyu wa kwao vimesimamishwa wima na kubanwa, kwa hiyo shoka linapiga kwenye ncha za nyuzi, nyuzi zinaachia zinafunga tena, halichaniki haraka. Linasuguliwa kwa brashi ya waya mpaka baada ya miaka linakuwa na bonde katikati. Kule Mayfair, sehemu ya matajiri London, mtaa wa Mount Street ambao Duke wa Westminster aliujenga upya kwa matofali ya rangi ya udongo miaka ya 1880 na 1890, kulikuwa na bucha la Allens lenye gogo la pembe nane katikati ya duka kabisa, wakataji wanalizunguka, wateja wanaangalia, nyama imening'inia pande zote mbele ya vigae. Duka likageuzwa jukwaa. Matajiri wale hawakubeba nyama wenyewe, mpishi anaagiza na dogo wa baiskeli anapeleka, lakini bado walijenga kana kwamba kila mtu atachungulia.

Shoka_Butu
Kwetu bwana afya hataki hata kuliona gogo, anataka msumeno wa umeme. Sijui hao wangefaulu ukaguzi

Mtazama_Kuta
Wasingefaulu hata robo, gogo ni chaka la vijidudu bwana afya yuko sahihi. Mimi sisemi turudi huko.

Fundi_Vigae
Sasa mkuu nikuulize la kazi. Nina ndugu yangu anafungua bucha Morogoro, fremu inatazama magharibi, jua la saa tisa linaingia mpaka kaunta. Anataka kioo kimoja kikubwa mbele, aluminiamu, na feni. Mimi ndio natandika. Ungekuwa wewe ungemwambia nini?

Mtazama_Kuta
Ningemwambia kioo aweke, kanuni zinataka kinga na mteja anataka kuona. Ila kisiende mpaka juu. Aache futi moja na nusu ya juu iwe luva na wavu mzuri wa nzi nyuma yake, na ukuta wa nyuma vile vile luva juu karibu na dari, zitazamane, joto likipanda litafute pa kutokea hata usiku umeme ukikatika. Mbele aweke kibaraza cha kutokeza futi tano au turubai la kushusha, hilo la magharibi ndio litamla hela ya friji kuliko kitu chochote. Kabati la baridi asilipange mkabala na kioo. Feni iwe ya kutoa hewa nje, sio ya kuizungusha humo humo.

Na kona ya sakafu wewe unajua.

Fundi_Vigae
Kona ya mviringo naiweka hata asipolipa. Luva nitamchorea. Kibaraza atalia maana mwenye fremu hataki kutobolewa ukuta wa mbele

Mama_Supu
Na kibanda cha keshia!!!

Fundi_Vigae
Mama kibanda kinategemea fremu, yake ni mita tatu kwa nne tu. Labda kidirisha pembeni ya mlango, mkewe akae nje ya kaunta. Mkuu nakutumia vipimo inbox uniangalizie hizo luva zikae urefu gani

Mtazama_Kuta
Tuma, na unichoree dari iko futi ngapi kutoka sakafuni, bila hiyo siwezi kukwambia kitu.